Lebo ya Mama Mkwe

Lebo ilikuwa imebandikwa vizuri. Haikupinda, haikukunjika pembe, na aliyeibandika alikuwa ameipitishia kidole mpaka hewa yote ikatoka. Mama Sindano aliigeuza chupa ndani ya mfuko wake wa nailoni, akaisoma tena kuanzia juu: jina la mgonjwa, namba yake, dawa ya kundi la penisilini, kidonge kimoja asubuhi, mchana na jioni. Mstari wa mwisho ulikuwa wa herufi kubwa. MZIO: SALFA.

Kituoni walimwita Mama Sindano kwa sababu hakuwa mpelelezi wa kupiga meza. Alichoma padogo, akatoa, akachoma tena palepale, mpaka pakatoka kitu.

"Ukiendelea kuikodolea macho chupa hiyo itaota mizizi," alisema mkuu wa kituo, amesimama mlangoni na kikombe cha chai. "Mchana huu mfamasia anakwenda mahakamani. Kujaribu kuua. Nataka sahihi yako tu."

"Nihadithie kesi, mkuu. Nikiisikia kwa mdomo wa mwenzangu naielewa zaidi."

Mkuu akashusha pumzi. Alikuwa amemzoea. Akaketi kwenye kiti cha wageni, kile chenye mguu mfupi, akajiegemeza upande usioyumba.

"Mama mkwe wa mfamasia analetwa hospitali na nimonia, hajiwezi, hata kusema hasemi. Daktari anamwandikia dawa ya salfa. Karatasi inafika dirisha la dawa. Mfamasia anampigia daktari simu, anamwambia mgonjwa huyu salfa inamdhuru, tumpe penisilini. Daktari anakubali. Mgonjwa anameza. Koo linavimba, pumzi inakata, anaponea tundu la sindano. Kumbe kinachomdhuru ni hiyohiyo penisilini, tangu ujana wake. Salfa haijawahi kumfanya kitu."

"Na nani aliyeitaja salfa kwanza?"

"Mkwe mtu. Na mtaa mzima unajua wale wawili hawapikiki chungu kimoja."

"Lakini lebo inasema salfa."

"Lebo kaiandika yeye ajikinge. Jana askari wetu walimsimamia fundi wa kompyuta wa hospitali, akaichapa upya lebo ya mgonjwa huyohuyo. Mahali pa mzio pakatoka patupu. Peupe kama shuka. Wakatazama kwenye kanzidata yao, ile ghala ya kumbukumbu za wagonjwa wote: mzio wa yule mama haumo. Hawakuuandika siku anaingia, maana alikuja taabani. Sasa niambie. Mashine haijui salfa wala penisilini. Neno hilo limetoka wapi, kama si kwenye vidole vya mtu?"

Mama Sindano aliiweka chupa mezani. Lilikuwa swali zuri, na hakutaka kuliharibu kwa kulijibu haraka.

"Nipe mpaka mchana," alisema.

"Mpaka mchana. Isizidi hapo, Mama Sindano. Mwanasheria wa serikali si mkwe wangu, hanivumilii."

*

Mfamasia alikuwa ameketi kwenye benchi la mahabusu, magoti pamoja, mikono juu ya magoti, kama mtu anayengoja kuitwa kwenye usaili wa kazi. Koti lake jeupe walikuwa wamelichukua. Bila hilo koti alionekana mdogo, dada wa watu tu, mwenye macho mekundu ya kukosa usingizi.

"Ulijua mama mkwe wako anadhurika na penisilini?"

"Mama mkwe wangu haniambii hata kiatu kinapombana."

"Mnagombana."

"Hatugombani. Yeye husema, mimi hunyamaza. Majirani wanasikia sauti moja wanadhani ni ugomvi."

"Mumeo angeweza kukuambia."

"Mume wangu yuko safarini, na hata angekuwepo, mama yake hamwambii mtoto wa kiume habari za mwili wake. Ni mtu wa heshima zake." Akasita. "Nilipoiona lebo ya kwanza, kabla dawa haijabadilishwa, nilifurahi. Nilisema leo walau nimejua kitu kumhusu."

Mama Sindano aliacha maneno hayo yatue. Kisha akachoma.

"Neno salfa uliliandika wewe?"

"Mama, pale dirishani mimi naandika namba ya mgonjwa tu. Namba, kisha nabonyeza. Mengine yanakuja yenyewe. Hata kama ningetaka kuandika mzio, hakuna pa kuandikia."

"Wenzangu wanasema watu wa dirishani mna mbinu zenu."

"Ningekuwa na mbinu ningeanza na foleni."

Mpelelezi nusura acheke. Akaitazama ile mikono iliyotulia juu ya magoti.

"Nipangie foleni ya siku ile. Usinipe majina. Nipe watu. Kabla ya mama mkwe wako alisimama nani?"

Mfamasia akafumba macho. Wengine huwakumbuka watu kwa sura. Yeye aliwakumbuka kwa dawa. "Alikuwepo mama wa mtoto mwenye minyoo. Akafuata mwalimu wa shinikizo la damu. Akafuata fundi cherehani, yule anayeshona sare za shule nyuma ya posta. Alikuja na macho yamevimba, nikampa dawa ya matone. Kisha ikaja karatasi ya mama, imeletwa na muuguzi."

"Fundi cherehani alikuwa na mzio?"

"Ndiyo. Salfa." Macho yakafunguka. "Nakumbuka, maana nilijiambia leo ni siku ya salfa. Wawili wamefuatana."

Mama Sindano alisimama taratibu. Magoti yakalia, yeye hakuyasikia.

*

Duka la fundi cherehani lilikuwa chumba kimoja kirefu chenye harufu ya kitambaa kipya na mafuta ya mashine. Sare za bluu zilining'inia kwenye kamba, mikono imelegea, kama watoto waliochoka kusimama mstarini. Fundi alikuwa na sindano za pini mdomoni na jicho moja bado jekundu.

"Kama ni suruali ya polisi sishoni tena," alisema bila kuzitoa pini. "Mwenzako alichukua ya mwaka jana akasema atarudi."

"Nimekuja kwa ajili ya dawa yako ya macho, kaka."

Pini zikatoka mdomoni moja moja, zikachomwa kwenye kifundo cha kitambaa alichofunga mkononi. Akaivuta droo, akaitoa chupa ndogo kati ya vifungo na chaki. Mpelelezi aliiweka mezani, akaitoa na ile ya mama mkwe kwenye begi lake, akazipanga ubavu kwa ubavu chini ya taa ya cherehani.

Jambo la kwanza alilolitafuta lilikuwa kubadilishana. Huenda mfamasia alibandika lebo ya huyu kwenye chupa ya yule. Kosa la uchovu, linalotokea. Lakini hapana. Lebo ya fundi ilikuwa na jina la fundi, namba ya fundi, matone ya fundi. Ya mama mkwe ilikuwa na jina na namba za mama mkwe. Kila mtu alikuwa na lebo yake. Kilichofanana ni mstari wa mwisho peke yake.

"Salfa inakudhuru kweli?"

"Nikiwa mdogo nilivimba mpaka mama akadhani ni mtoto wa jirani. Kila nikienda hospitali nasema. Wameniandika kwenye mashine yao siku nyingi."

Mama Sindano akainama mpaka pua ikakaribia mezani. Kwenye lebo zote mbili, herufi F ya salfa ilikuwa na doa jeupe mguuni, mahali printa iliposhindwa kuweka wino. Doa lilelile, mahali palepale. Basi maneno yote mawili yalitoka kwenye printa moja. Hapakuwa na mtu aliyechapa lebo ya bandia pembeni. Mashine yenyewe ilikuwa imesema, na mashine yenyewe jana ilikuwa imekana.

"Wewe ukimpima mteja," alimwuliza fundi, "kisha ukampima mwingine, unawezaje kuchanganya kiuno cha huyu na cha yule?"

"Siwezi."

"Ukiweza, utawezaje?"

Fundi akafikiri, akikwaruza kidevu. "Labda vipimo ningeviandika kwa chaki ubaoni. Mteja wa pili akaja, nikampima bega na urefu, nikafuta vya zamani nikaandika vipya. Kiuno akasema nitakuja kesho unipime. Kama sikukifuta cha yule wa kwanza, kipo pale pale. Nikija kukata kitambaa nakikuta."

Mpelelezi akasimama wima. Akamshukuru, akafika mlangoni, akarudi.

"Suruali ya mwenzangu nitamkumbusha."

"Mkumbushe na kiuno chake kimeongezeka," alisema fundi.

*

Chumba cha kompyuta cha hospitali kilikuwa ghorofa ya chini, mwisho wa korido, kina baridi ya mashine mwaka mzima. Mtunzi wa programu aliyemkuta humo alivaa koti zito la sufu hata nje kukiwa na jua la kuunguza, na ndiyo sababu hospitali nzima ilimwita Koti. Alikuwa mtu wa makamo, mpole, mwenye kucha zilizokatwa fupi sana. Siku mbili za kuhojiwa na askari zilikuwa zimemfanya aongee kama anayesoma.

"Nilichapa lebo mbele yao, afande. Mahali pa mzio pakatoka patupu. Programu hii inafanya kazi tangu madaktari wengine humu wako shule ya msingi. Haijawahi kubuni neno."

"Sisemi imebuni. Nataka unioneshe inavyouliza."

Koti alimtazama kuona kama anadhihakiwa. Alipoona hapana, akavuta kiti cha pili, akakipangusa kwa mkono wa koti.

Skrini ilikuwa nyeusi na maandishi ya kijani. Mistari ilishuka na kushuka. Mama Sindano alikuwa ameyaona mambo mengi kazini, lakini hajawahi kuona mawazo ya mtu yamepangwa hivi, moja chini ya jingine, yakingoja kutendwa.

"Hii yote ni lugha ya amri," Koti alieleza. "Inasema: fanya hiki, ukimaliza fanya kile, kama namba ni kubwa pita huku, kama ni ndogo pita kule. Pokea namba ya mgonjwa, andaa karatasi, chapa, rudi mwanzo ungoje mgonjwa mwingine. Ni kama mpishi anayefuata hatua. Lakini mpishi huyu hajui kuingia ghalani. Kanzidata ina wagonjwa wa mji mzima, na ina lugha yake yenyewe."

"Lugha gani?"

"Ya kuuliza." Sauti yake ikabadilika, ile namna ya kusoma ikapotea. "Lugha ile haisemi pita huku pita kule. Inasema tu: nataka mzio wa mgonjwa mwenye namba hii. Basi. Namna ya kuutafuta haikuhusu. Unataja unachokitaka, ghala lenyewe linajua njia."

Akasogeza maandishi, akasimamisha kidole chini ya mistari michache iliyokaa katikati ya amri. Mstari wa kwanza ulianza kwa neno la kutambulisha, wa mwisho ukafungwa kwa neno la kumaliza. Ndani yake palikuwa na swali.

"Nimelipachika humu. Lugha ndani ya lugha. Kabla programu haijawa programu, anapita mtafsiri, si mtu, ni programu nyingine. Anasoma ukurasa wote. Amri anaziacha zilivyo. Akikuta swali lililopachikwa analigeuza kuwa safari ya kwenda ghalani na kurudi. Na hapa," kidole kikagusa neno lenye nukta mbili mbele yake, "hapa ndipo wanapokutana. Hili ni kasha. Ni la lugha ya amri, lakini limeazimwa kwa swali. Nukta mbili ndiyo alama ya kusema, jibu nitilie humu. Swali linakwenda ghalani, linarudi, linaweka jibu ndani ya kasha, na mpishi anaendelea kama vile hakuna aliyetoka."

Mama Sindano alikisogeza kiti karibu na skrini. Ukiona vyaelea, vimeundwa, hilo alilijua. Ila alikuwa akipita dirisha la dawa miaka yote, akipokea vichupa vya wanawe na vya mama yake, na hakuwahi kufikiri kwamba nyuma ya karatasi ile ndogo kuna lugha mbili zisizofanana zinapeana mkono juu ya jina la mgonjwa mmoja, kati ya maelfu, na kumpata kabla mtu hajakohoa. Nywele za mkononi zilimsimama, na si kwa baridi ya chumba.

"Ni kazi nzuri sana," alisema, na alimaanisha.

Koti akainamisha kichwa. "Hakuna aliyewahi kuniambia hivyo. Huwa wanakuja printa ikikwama."

"Sasa niambie. Swali likifika ghalani likakuta hakuna kitu. Linarudi na nini?"

"Linarudi na namba. Sifuri maana yake nimepata. Mia moja maana yake nimetafuta sikupata. Mpishi anapaswa kuitazama namba hiyo."

"Na kasha?"

Koti akarudisha macho kwenye mistari ya kijani.

"Kasha," alirudia polepole, "haliguswi. Kama hakuna jibu, hakuna cha kutia."

"Linabaki na nini?"

"Na kilichokuwemo."

 Mama Sindano akautoa mfuko wenye chupa mbili, akaziweka mbele ya kibodi.

"Jana ulichapa lebo ya mama mkwe peke yake. Programu ilikuwa imewashwa upya?"

"Ndiyo. Kwenye nakala ya majaribio. Kasha linaanza likiwa tupu, ndiyo maana..." Hakumaliza. Tayari alikuwa akifungua nakala ile ya majaribio, na vidole vyake, vilivyokuwa vimetulia muda wote, vilikosea namba ya siri, vikarudia.

"Mwanzo fundi cherehani," alisema mpelelezi. "Kisha yeye."

Namba ya kwanza. Printa ndogo iliyokuwa juu ya kabati ikakoroma, ikatema karatasi. Jina la fundi. MZIO: SALFA.

Namba ya pili. Printa ikakoroma tena, kwa sauti ileile, bila haraka na bila haya. Mama Sindano alikaa ameushika ukingo wa kiti. Karatasi ikatoka kichwa kwanza: jina la mama mkwe, namba yake, dawa yake. Halafu mstari wa mwisho ukajitokeza, herufi baada ya herufi, na hapakuwa na mkono wa mtu kwenye kibodi.

MZIO: SALFA.

 Mpelelezi aliichukua karatasi. Hapa palikuwa na neno la kweli kabisa, lililoandikwa kwa uaminifu siku nyingi zilizopita kumlinda mtu mmoja, na limebaki kwenye kasha limenyamaza, mpaka mgonjwa wa pili asiye na neno lake akaja kulivaa.

"Lakini niliweka kinga," Koti alinong'ona. "Nakumbuka niliweka. Ngoja."

Alisogeza maandishi chini, akapata mstari mmoja peke yake. "Hii hapa. Hii ni ilani. Inamwambia mtafsiri: popote swali litakaporudi mikono mitupu, mpishi aende kwenye kifungu cha kuandika haijulikani, muulize mgonjwa. Nimeiweka mara moja ifunike maswali yote. Ndivyo tunavyofanya watu wa kazi hii, ili tusirudie kila mahali."

"Inafunika yote?"

"Yote."

"Umesema mtafsiri anasoma ukurasa. Anasomaje?"

"Kuanzia juu kwen..."  Akapandisha maandishi, taratibu, juu, juu zaidi, akalipita swali la jina, swali la dawa, swali la kipimo, akaipita na ile ilani yenyewe. Juu yake, karibu na kichwa cha programu, kilikaa kifungu kifupi peke yake. Swali la mzio.

"Lililetwa baadaye," alisema. Uso wake ulikuwa umekauka kama karatasi ya printa. "Madaktari waliomba mzio uongezwe kwenye lebo. Nikaliweka juu kabisa, kwa heshima. Nilisema hili ni la uhai wa mtu, likae mahali pa kuonekana. Linatendwa baada ya mengine, kwa hiyo nikadhani ilani imeshalifikia. Lakini mtafsiri hafuati mwendo wa mpishi. Yeye hafuati kinachotangulia kutendwa. Anafuata kilichoandikwa juu na kilichoandikwa chini. Ilani inasikika na walio chini yake tu." Akaondoa kidole kwenye skrini. "Nililijaribu, afande. Mgonjwa mmoja mmoja. Kila nikijaribu palitoka patupu, nikasema salama."

"Hukulijaribu kwenye foleni."

"Sikulijaribu kwenye foleni."

Mama Sindano alitaka kumwambia kitu cha kumpoza, lakini wazo jingine lilikuwa limeshamfikia, na lilikuwa baridi kuliko chumba.

"Koti. Ile nyingine, siyo ya majaribio. Hivi sasa inafanya nini?"

Wote wawili wakaitazama dari. Juu yao, ghorofa moja tu, lilikuwepo dirisha la dawa, na mbele yake foleni ya asubuhi.

*

Dirisha lilifungwa kwa karatasi iliyobandikwa kwa plasta ya kidonda, maana gundi haikuonekana. Watu wakanung'unika, mzee mmoja akasema hata dawa siku hizi zinagoma. Koti akalishusha swali la mzio chini ya ilani, akampitisha mtafsiri upya, akajaribu mbele ya mpelelezi na daktari wa zamu: fundi kwanza, kisha mama mkwe. Safari hii karatasi ya pili ilitoka imeandikwa MZIO: HAIJULIKANI. MUULIZE MGONJWA. Kisha akajaribu ishirini kwa mfululizo, wenye mzio na wasio nao, wamechanganywa. Hakuna aliyevaa cha mwenzake. Alipomaliza akaomba apewe namba za wote waliochapiwa lebo tangu siku mzio ulipoongezwa, akavua koti, akaanza kuwatafuta mmoja mmoja. Ilikuwa mara ya kwanza watu wa ghorofa ile kuyaona mabega yake.

Mkuu wa kituo alisikiliza yote kwa simu bila kumkatiza.

"Kwa hiyo aliyefanya ni nani?" aliuliza mwishowe.

"Mstari mmoja uliokaa juu badala ya chini, mkuu."

"Nitamwambiaje mwanasheria wa serikali?"

"Mlete huku. Tutamchapia."

 "Mtoe yule dada," mkuu alisema. "Na umrudishie koti lake."

Mfamasia hakulia walipomfungulia. Aliuliza kama dirisha lake liko wazi, akaambiwa limefungwa. Akauliza nani anawahudumia watu, akaambiwa bado. Alivaa koti lake jeupe njiani, ndani ya gari la polisi, akifunga vifungo kwa kupapasa. Mpelelezi alimweleza habari yote, kasha na nukta mbili, ilani na foleni. Alisikiliza hadi mwisho.

"Basi ile namba ilirudi," alisema mfamasia. "Mia moja. Ilisema sikupata."

"Ilisema. Hakuna aliyeitazama."

Akatazama nje ya dirisha la gari. "Na mimi siku zote nilikuwa na mdomo wa kuuliza," alisema.

Hakwenda dirishani kwanza. Alipanda ngazi mpaka wodi ya wanawake, Mama Sindano nyuma yake akihema. Mama mkwe alikuwa ameegemezwa kwenye mito mitatu kitanda cha pembeni, shingo bado imevimba, kitambaa cha kichwa kimefungwa kwa unadhifu ambao muuguzi asingeweza. Alikuwa amekifunga mwenyewe. Walikuwa wameshamweleza. Alimwona mkwewe mlangoni na hakugeuza uso, wala hakutabasamu.

Mfamasia alisimama mguuni mwa kitanda. Alisimama vilevile anavyosimama dirishani, mikono mbele, na alipoongea sauti ilitoka ndogo.

"Shikamoo, mama. Nimekuja kuuliza. Kuna dawa inayokudhuru?"

Kitanda cha jirani kikaacha kukohoa. Mama mkwe alimtazama muda mrefu, kutoka kichwani mpaka kwenye kifungo kimoja kilichofungwa tundu lisilo lake.

"Marahaba," alisema, kwa sauti iliyokwaruza. "Penisilini. Na kelele. Na mtu anayesimama kama ametumwa kudai." Akausogeza mguu wake chini ya shuka, akaacha nafasi ukingoni mwa godoro. "Kaa. Yapo mengine, na sitayasema mara mbili."